Hitilafu Iliyozoeleka

Kila lifti inayotunzwa vizuri ina daftari lake. Halikai ofisini. Hukaa juu kabisa, ndani ya chumba cha mashine, limefungwa kwa uzi kwenye msumari ili asije mtu akaondoka nalo. Fundi akiitwa, kazi yake ya kwanza si kushika bisibisi bali kusoma. Akimaliza, kazi yake ya mwisho ni kuandika: tarehe, saa, ghorofa ya ngapi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, kilichoonekana ni nini. Kanuni ni moja na haina mjomba: andika ulichokiona, usiandike unachokidhani.

Binti wa Mzee Rula alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa, mwanamke pekee katika kikosi cha watu saba. Wenzake walimwita Fundi bila kuongeza neno, na kwao hilo lilikuwa sawa na kumvika nishani. Alizijua hitilafu kwa tabia zao. Iliyo rahisi ni ile iliyokufa kabisa: lifti haipandi wala haishuki, unatafuta kilichokatika, unakiunga, unakwenda zako. Inayosumbua ni ile ya kuja na kuondoka. Unaitwa mbiombio, ukifika unaikuta lifti inapanda na kushuka taratibu kama bibi harusi. Ukiipa kisogo tu, inakwama. Fundi mvivu huandika "haikuonekana" akaenda kunywa chai. Yeye hakuwa na tabia hiyo. Hitilafu isiyoonekana, kwake, ilikuwa hitilafu ambayo haijasubiriwa vya kutosha.

Ndiyo maana baba yake alipoanza kuwaona mafundi sebuleni, hakulia wala hakuita ndugu. Alinunua daftari.

Mzee Rula alikuwa amechora ramani za majengo kwa miaka thelathini na sita. Jina hilo alipewa ofisini, likamfuata hadi nyumbani, na hakuwahi kulikataa. Alikuwa mtu wa kupima. Picha ukutani hakuitundika mpaka ailaze pimamaji juu yake, na kuna siku aligoma kula ugenini kwa sababu meza ilikuwa imeinama upande mmoja. Alisema mchuzi hauwezi kusema uongo. Sasa alikuwa na miaka sabini na mbili, kichwa hakina unywele hata mmoja, na kila siku baada ya chakula cha mchana walikuja watu wanne wafupi, wamevaa kofia ngumu za njano, wakaupima ukuta wa dirishani.

Siku ya kwanza alimwambia mkewe, "Bibie, hao wageni hawajapata chai."

Mama aliitazama sebule tupu. Kisha akaenda jikoni akaleta vikombe vinne, akavipanga mezani, akakaa pembeni kuona itakuwaje. Chai ilipoa. Baada ya saa nzima mzee akavitazama vile vikombe, akamtazama mkewe, akasema kwa sauti ya chini, "Mafundi wanne, saa nzima, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Ningejua mapema kwamba hawapo."

Hiyo ilikuwa wiki kumi na moja zilizopita, na ndiyo iliyoandikwa kwenye mstari wa kwanza wa daftari.

Kaka yake Fundi, mzaliwa wa kwanza, alikuwa mwalimu wa hesabu, na nyumba nzima ilimwita Mwalimu, hata mama aliyemzaa. Yeye ndiye aliyempeleka mzee kwenye zahanati ya jirani. Daktari wa pale alimtazama mgonjwa kwa dakika kama kumi, akasema ni wazimu wa uzee, akaandika vidonge vikali vya kutuliza. Vitawafukuza hao mafundi, alisema. Pakiti hiyo ilikuwa ndani ya mfuko wa shati la Mwalimu kwa wiki tatu sasa, kwa sababu mdogo wake alimwomba asubiri mpaka mzee aonwe na bingwa wa magonjwa ya ubongo. Miadi ilikuwa Alhamisi. Jumapili mchana wakagombana sebuleni, kwa adabu, kama watu wanaojua kwamba wazazi wanasikia.

"Wewe unaandika tu," alisema Mwalimu. "Mgonjwa hatibiwi kwa daftari."

"Wala hatibiwi kwa kubahatisha, Kaka."

"Daktari hakubahatisha. Kasomea."

"Kasomea, sawa. Alimuuliza Baba maswali mangapi?"

Mwalimu akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Manne," akasema Fundi. "Moja lilikuwa jina lake."

"Haya. Mama amechoka, humwoni? Analea mtu mzima mchana kutwa. Alhamisi huyo bingwa wako asipokuwa na jambo jipya, siku hiyohiyo Baba anameza. Tumekubaliana?"

Fundi alimtazama mama yake, aliyekuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Uso ulikuwa umesinyaa kweli. "Tumekubaliana," akasema.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, macho mawili yamefumbwa. Wote walidhani amelala.

"Mnanigawana kama shamba, na mwenye shamba nipo," alisema bila kufumbua macho. "Mimi nataka kitu kimoja. Kama ni wazimu, niambiwe ni wazimu. Kama kina jina lingine, nilijue. Jengo lisilo na jina kwenye ramani ndilo linalobomolewa kwanza."

"Hakuna aliyesema una wazimu, Baba."

"Kaka yako kasema, na pakiti anayo mfukoni inasema. Wahenga walisema akili ni nywele." Akajipapasa kipara. "Basi mimi ushahidi wote uko wazi."

Mama alicheka, kiganja kikifunika pengo la jino ambalo siku zote alisema lilitoka alipoteleza bafuni, akarudi jikoni haraka.

Alhamisi mzee aliamka na siku nzuri. Alijinyoa mwenyewe, akachagua tai, akamsahihisha Mwalimu njia mara mbili. Fundi aliketi kiti cha nyuma na daftari mapajani, bila furaha, kwa sababu hii ilikuwa ndiyo lifti ileile inayosumbua: fundi mkuu amefika, nayo inapanda na kushuka kama bibi harusi.

Bingwa alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na hakuonekana kuwa na haraka ya kwenda popote. Alimwamkia mzee, akamwamkia mama, kisha akaomba daftari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, wao wakiwa wamekaa mbele yake.

*Jumanne, saa tatu asubuhi. Amesoma gazeti lote, amekosoa hesabu ya ukurasa wa sita. Hesabu kweli ilikuwa na kosa. Saa tisa mchana. Ameketi na kiatu mkononi dakika arobaini. Ameulizwa, hajajibu. Saa kumi na moja. Ameuliza nani kamvua kiatu.*

*Ijumaa. Mafundi watatu na paka. Amesema mwenyewe: "Najua hawapo, lakini wanapima vibaya."*

*Jumatatu. Mkono wa kushoto hautikisiki akitembea. Mwandiko umekuwa mdogo kuliko wa mwaka jana, nimelinganisha.*

"Nani kaandika haya?" aliuliza bingwa.

"Mimi."

"Wewe ni muuguzi?"

"Fundi wa lifti."

"Hm." Aliligeuza daftari akaangalia jalada, kama mtu anayetafuta mahali lilipouzwa. "Na hii dawa mliyoandikiwa?"

"Hajaanza," alisema Fundi. Mwalimu aligusa mfuko wake bila kujua.

"Tutafika huko."

Akaanza kumpima. Alimtajia mzee maneno matano: kikombe, ngazi, ndimu, barua, shati. Akamuuliza tarehe, siku, mwezi, mwaka, wako ghorofa ya ngapi. Mzee akajibu yote, akaongeza kwamba dari ya chumba hicho iko chini kuliko inavyotakiwa. Akaambiwa aanzie mia, apunguze saba saba.

"Tisini na tatu. Themanini na sita."

Halafu ikawa kama mtu kazima taa chumba cha ndani. Uso ulibaki palepale, macho yakautazama ukuta. Mwalimu alifungua mdomo. Bingwa akamwinulia kidole kimoja. Fundi aliangalia saa yake. Sekunde arobaini na tano.

"Sabini na tisa," alisema mzee, akaendelea hadi mwisho bila kosa, kama asiyejua kwamba aliondoka.

Aliulizwa yale maneno matano. Aliyataja yote, kwa mpangilio. Mwalimu alimtupia mdogo wake jicho: unaona, kumbukumbu ni nzima.

Ndipo bingwa akamsogezea karatasi. Ilikuwa na maumbo mawili ya pembe tano, yamepandiana kidogo kwenye kona moja, kitu ambacho mwanafunzi wa darasa la nne hukinakili akitafuna kalamu. "Nichoree kama haya hapa chini, mzee wangu."

Mzee Rula alitoa penseli yake mwenyewe kutoka nyuma ya sikio. Aliikagua ncha. Akachora mstari wa kwanza, ulionyooka vizuri. Wa pili ukaenda upande usio wake. Alisimama, akatazama mfano, akatazama mkono, akajaribu tena. Alichora pembe nne, kisha sita, kisha mistari miwili iliyoning'inia isiyogusa kitu. Umbo la pili alilichora mbali, ukingoni mwa karatasi, peke yake. Alipomaliza aliitazama kazi yake kwa muda mrefu, kwa jicho lilelile lililokuwa likikagua kazi za vijana wake.

"Hii," alisema, "ningeirudisha."

Akaweka penseli mezani. Hakuirudisha sikioni siku hiyo.

Bingwa aliichukua karatasi kwa mikono miwili. Aliuliza kuhusu choo, kuhusu kuanguka, kuhusu harufu ya chakula. Mwisho akauliza, "Na usingizi?"

"Nalala kama gogo," alisema mzee. "Muulize bibie."

"Mama?"

Mama alirekebisha kitambaa cha kichwani. "Analala vizuri. Anakoroma tu."

"Mnalala pamoja?"

"Mimi nalala chumba cha cherehani. Kwa sababu ya huo mkoromo."

Kalamu ya bingwa ilingoja kidogo juu ya karatasi, kisha ikaandika. Akamwita muuguzi amchukue mzee, ampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, amtembeze ukumbini. Mlango ulipofungwa akawageukia watatu waliobaki.

"Nitasema ninachokijua na nisichokijua. Ana mtoto wa jicho, na mtu mwenye macho mabovu anaweza kuona watu wasiokuwepo. Mkono wake umekaza, lakini mmeniambia aliwahi kuanguka akaumia bega. Kuzubaa kwake kuna sababu nyingi. Kwa hiyo nina njia tatu. Kama ni macho tu, anahitaji upasuaji. Kama ni ugonjwa wa kusahau ule unaojulikana zaidi, dawa hiyo ya kutuliza hutumika kwa uangalifu. Kama ni ugonjwa wa tatu ninaoufikiria, dawa hiyo inaweza kumkakamaza asiweze kumeza, na wengine hawaamki tena. Njia hizi zote zinaelezea kipande. Ninachokosa ni kitu cha kuviunganisha vipande. Nisipokipata leo, mtarudi baada ya miezi mitatu, tumtazame tena. Na vidonge visianze."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la ukumbini.

"Miezi mitatu," alisema Mwalimu. "Mama hataiweza."

"Kasema visianze."

"Kasema *kama*. Kama tatu. Katika kama mbili vidonge havina neno, katika moja vina hatari. Mbili kwa tatu, hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angejibu hilo. Nimeona kumbukumbu yake mwenyewe, dada. Maneno matano kwa matano. Mtu mwenye ubongo mbovu hakumbuki ndimu. Tulikubaliana: hana jipya, Baba anameza."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na chupa ya maji mapajani, amekwisha kuifungua, na macho mekundu ya mtu aliyekuja kila jioni kwa wiki kumi na moja kumpokea mama yake zamu. Fundi alijua kwamba hesabu yake ina kosa, kwamba njia tatu si lazima ziwe na uzito sawa. Lakini hakuwa na kipimo cha kumwonyesha uzito.

Mbele yao kulikuwa na lifti ya hospitali. Mhudumu alikuwa akisukuma kitanda ndani yake, na kabla ya kuingia aliinama, akapachika kipande cha katoni kilichokunjwa mara nne kwenye kizingiti cha mlango. Fundi hakuweza kujizuia.

"Hiyo katoni ya nini, kaka?"

"Mlango unabana watu. Ukiuwekea hii unatulia."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeikuta."

"Na kwenye daftari imeandikwa?"

Mhudumu alimshangaa. "Iandikwe nini, dada? Mbona haisumbui?"

Alitoa katoni, mlango ukafunga, lifti ikapanda. Fundi alibaki akiutazama mlango. Alikuwa ameona katoni za namna hiyo katika nusu ya majengo ya mji: kabari, kamba, tofali, mlinzi anayejua kugonga mahali fulani kwa kiganja. Hitilafu ya kweli ikiisha kuzoeleka, watu huijengea njia ya kuizunguka, na tangu siku hiyo haiandikwi tena, kwa sababu haisumbui. Alilifungua daftari lake. Wiki kumi na moja, kurasa sitini na mbili, na kila ingizo lilianza asubuhi na kuishia magharibi. Usiku haukuwemo hata mara moja. Hakuwa amekaa usiku nyumbani kwa wazazi wake tangu aolewe. Alikuwa ameandika kile alichokiona, na kanuni ile ikamficha kile ambacho hakuwepo kukiona.

Chumbani kwa baba alikuwa ameingia, hata hivyo. Alikiona sasa vizuri: kitanda kimesukumwa hadi ukutani, upande wa pili mito miwili migumu, imefungwa pamoja kwa utepe, taa ya kando imehamishiwa juu ya kabati, mbali, mahali ambapo mtu aliyelala hawezi kuifikia hata akinyoosha mkono. Mkoromo hauhitaji mito. Mkoromo hauvunji taa.

Aliinuka akaenda kukaa upande wa pili wa mama yake.

"Mama. Lile jino lako lilitoka bafuni kweli?"

Mama hakugeuka. Alikunja kitambaa chake cha mkono, akakikunjua. Mwalimu, upande ule, aliacha kuizungusha chupa.

"Ni miaka kumi na moja," alisema Mama hatimaye.

"Sikuulizi lini. Nauliza wapi."

"Kitandani." Baada ya hapo maneno yakatoka kwa utaratibu, bila haraka. "Alikuwa akipigana na mbwa. Ndotoni. Anapiga kelele, anapiga mateke, anarusha ngumi, macho yamefumbwa. Ilianza kidogokidogo, mara moja kwa mwezi. Siku ya jino nilikuwa nimemgeukia. Alipoamka aliniuliza damu ya nini. Hakujua, mwanangu. Nikamwambia nimeteleza bafuni. Wiki ile nikahamia kwa cherehani."

"Na hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Mume anampiga mke usingizini. Hilo neno 'usingizini' halifiki kwa jirani wa pili. Baba yenu hajawahi kuniinulia mkono akiwa macho, hata siku moja. Ningemvunjia jina kwa ajili ya jino?"

"Mficha maradhi kilio humfichua, Mama," alisema Mwalimu, taratibu.

"Sikuficha maradhi. Nani alijua kama ni maradhi? Nilimficha mtu."

Muuguzi alikuwa akirudi na mzee kutoka mwisho wa ukumbi, hatua fupifupi, mkono wa kushoto umetulia ubavuni kama umefungwa.

"Lazima aambiwe bingwa," alisema Fundi. "Nikamwambie mimi, Baba akiwa nje?"

Mama alimtazama mumewe akija. Ilimchukua muda wa mzee kutembea kutoka dirisha moja hadi lingine. "Hapana," akasema. "Mwili ni wake. Nitasema mimi, naye akiwepo."

Akasema, ndani, mikono imelala mapajani. Bingwa aliuliza maswali mafupi: ilianza lini hasa, mara ngapi, anatoka kitandani au hatoki, akiamshwa anakumbuka ndoto. Mama alijibu yote. Alikuwa na kumbukumbu kuliko daftari. Mzee alimsikiliza mkewe hadi mwisho, na uso wake, ambao siku hizi haukubadilika kirahisi, haukubadilika.

"Kwa hiyo bafuni," alisema, "hukuteleza."

"Sikuteleza, baba watoto."

"Nilibadilisha vigae vyote vya lile bafu kwa sababu yako."

"Vilikuwa vibaya hata hivyo."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Baada ya hapo alinyoosha mkono wake wa kulia, akauweka juu ya mkono wa mkewe, akauacha hapo.

Bingwa alivaa miwani. Alisema kwamba mtu akiota, mwili huwa umefungwa breki ili asiitende ndoto yake, na kwamba kuna ugonjwa ambao mara nyingi huanza kwa kuharibu breki hiyo, miaka kumi au zaidi kabla ya dalili nyingine. Ndani ya chembe za ubongo hujikusanya vijibonge vya protini. Huitwa miili ya Lewy, kwa jina la daktari aliyeviona kwanza, na ugonjwa wenyewe huitwa hivyo hivyo. Vikianza chini, kwenye shina la ubongo, breki ya usingizi huharibika. Vikipanda, mwili hukaza, macho huona yasiyokuwepo, akili huja na kuondoka, na mtu hupotea kwenye maumbo na nafasi huku kumbukumbu ikiwa bado nzima.

"Maneno matano yalikuwa sawa," alisema, akimtazama Mwalimu. "Ndiyo maana ugonjwa huu hudanganya watu. Wanatafuta kusahau."

"Una uhakika?" aliuliza Mwalimu.

"Uhakika kamili hupatikana kwa kuupasua ubongo, na mwenyewe bado anautumia. Lakini sasa vipande vyote vinaingia mahali pamoja. Ningeshangaa kama ni kitu kingine."

"Kwa hiyo si wazimu," alisema mzee.

"Si wazimu. Ni ugonjwa wa ubongo, una jina, na jina ndilo hilo."

"Unapona?"

"Hauponi, mzee wangu. Kuna dawa inayowasaidia wengi kuwa na siku nzuri zaidi; tutaianza kidogo. Siwezi kukupa tarehe, na mtu akikupa usimwamini."

"Na wale wanne?"

"Wanaweza kupungua. Wasipokusumbua, waache."

"Hawanisumbui. Ila hawajui kupima."

Mwalimu alisimama. Alitoa pakiti mfukoni, akaiweka mezani mbele ya bingwa, akaisukuma kwa kidole hadi ng'ambo ya meza. Bingwa aliifungia ndani ya droo, akachukua kadi ngumu, akaandika kwa herufi kubwa jina la ugonjwa na majina ya dawa zisizoruhusiwa, akampa mama. Iwe mfukoni mwa mzee kila siku, alisema, maana ipo siku atafikishwa mahali na watu wasiomjua, na wa kwanza kumwona atataka kumtuliza.

Saa kumi walikuwa nyumbani. Mzee hakukaa kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akasimama katikati, akaita.

"Fundi. Njoo na futi ya chuma na karatasi. Bibie, njoo na wewe, nina kazi na mkono wangu."

Alinyoosha mkono wa kulia mpaka mwisho, kama anayetaka kugusa dirisha. "Pima kutoka begani hadi ncha ya kidole."

"Sabini na nne," alisema Fundi.

"Andika. Ongeza thelathini za kugeuka. Chumba kina upana gani?"

"Mita tatu na ishirini."

"Vitanda viwili, kila kimoja sentimita tisini. Changu ukutani, chake upande wa dirisha. Katikati yao pabaki..." Akasimama. Mkono ulibaki hewani, macho yakatua ukutani.

Mwalimu, aliyekuwa mlangoni, alianza kusema jibu. Alilijua, ilikuwa hesabu ya mtoto. Mdogo wake akamwinulia kidole kimoja. Wakangoja wote. Mama aliukamata ule mkono uliokuwa hewani, akaushusha taratibu, akaendelea kuushika.

"Sentimita mia moja na nne," alisema mzee. "Mkono na kugeuka; chumba kina nafasi zaidi ya hiyo. Pasipungue hata moja. Na godoro jembamba sakafuni, upande wangu, nikianguka nisivunje kigae kingine. Chora."

Fundi alichora. Hakuwa na mkono wa kuchora. Wa kwao ulikuwa umepita kwa baba ukaishia hapo. Vitanda vilitoka kama masanduku yaliyopigwa teke.

"Mstari wako umepinda," alisema mzee.

"Najua, Baba."

"Usijali, andika vipimo. Seremala mzuri hafuati mstari, anafuata vipimo."

"Na cherehani?" aliuliza Mama.

"Cherehani ibaki kwake. Chumba ni chake sasa." Akageukia dirisha, akatazama ukuta kwa muda, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali kusalimiwa.

"Wapo?" aliuliza Mama.

"Wapo. Leo wanaandika."

Mama alikwenda jikoni. Alirudi na vikombe vinne, akampa Mwalimu kimoja, Fundi kimoja, mumewe kimoja akimshikia kisahani, na cha nne akanywa mwenyewe, ameketi ukingoni mwa kitanda alichokihama miaka kumi na moja iliyopita. Fundi alilifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akachora mistari ya safu za asubuhi na mchana, kisha mmoja zaidi kutoka juu hadi chini, uliopinda kama ile mingine, na juu yake akaandika: *Usiku*.

"Haya, Mama," akasema. "Tuanze na ndoto ya kwanza."